Kapteni Anayeomba Kadi ya Steam

Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nasubiri kijana anibandikie protekta ya simu, katika duka dogo karibu na Soko Kuu la Mtwara. Akaingia mama wa makamo, kanga mbili, mkoba kwapani, heshima zake kamili. Kijana akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba mwanangu, kisha akakunjua karatasi na kuisoma polepole kama mtu anayesoma jina la dawa: "Nataka kadi ya Steam. Ya dola mia."

Kijana akaacha kubandika. Steam yeye anaijua, maana usiku anacheza gemu za kompyuta, na Steam ni duka la mtandaoni la kununulia gemu hizo. Akauliza kwa adabu, "Mama, nyumbani kuna mtoto anacheza gemu?"

"Siyo ya mtoto. Ni ya mtu wangu. Yuko jeshini huko Syria. Bila hiyo kadi simu yake haishiki mtandao."

Hakuna aliyecheka, na hilo nalishukuru mpaka leo. Kijana alisema tu kwamba hana, na kwamba hata akizunguka mji mzima hadi Mikindani hataipata. Mama akakunja karatasi yake. Akasema basi atamwagiza mtoto wa dada yake aliyeko Dar. Nikalipia protekta yangu na kumfuata nje.

Tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa karibu saa nzima. Ni mstaafu wa serikali, mjane, ana mikorosho upande wa Nanyamba. Huyo mtu wake, wa mtandaoni, anajiita kapteni wa jeshi la Marekani. Si mtu wa kudanganywa na yule wa "ile hela itume kwenye namba hii". Meseji hizo anazifuta kabla hajamaliza kuzisoma, na ana jicho la kugundua noti bandia kuliko mimi. Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake.

Tumezoea kuvieleza visa vya namna hii kwa neno tamaa, na tukitaka kuwa wapole tunasema upweke. Nadhani tunakosea. Watu wapweke ni wengi na wenye tamaa ni wengi zaidi, lakini hawatapeliwi wote na kapteni wa Marekani. Kinachofanya kazi hapa ni gwanda. Gwanda ni jibu linalotangulia swali. Kwa nini hapigi simu ya video? Kambi haziruhusu. Kwa nini haji? Hajapewa ruhusa. Kwa nini mshahara wake haugusiki? Yuko vitani, na vitani hakuna benki. Kwa nini nisimwambie mtu? Ni siri ya jeshi, maadui wanasikiliza. Tapeli wa kawaida hutunga uongo mpya kila kukicha mpaka ajichanganye. Huyu anatunga mmoja tu, kwamba yeye ni askari, na uliobaki anautunga yule anayedanganywa, bure, tena kwa upendo.

Mama alinionyesha meseji. "Habari za asubuhi malkia wangu mrembo, natumaini ulikuwa na usiku mzuri wa kupumzika." "Mimi ni mwanaume mcha Mungu mwenye moyo mmoja." "Je, umekula bado?" Hakuna mtu kuanzia Lindi hadi Newala anayemwuliza mwenzake kama amekula bado; tunauliza umeshakula? Hicho ni Kiswahili cha mashine ya kutafsiri. Nilipomwambia, mama alikuwa na jibu tayari: Mzungu wa watu anajitahidi kujifunza lugha yetu, tena wewe unamcheka. Unaona? Hata kosa la sarufi gwanda limelifunika. Na nisikudanganye, alama hii ya lugha inakufa. Mashine za siku hizi zinaandika Kiswahili kilichonyooka kuliko cha baadhi ya wabunge, kwa hiyo anayejivunia kumtambua tapeli kwa lugha yake mbovu ajiandae kumkosa anayefuata.

Basi tulichunguze gwanda lenyewe, kwa sababu maisha ya askari wa Marekani hayana siri nyingi kama tunavyoaminishwa. Askari wa jeshi lile anapata likizo ya siku 30 kwa mwaka, siku mbili na nusu kila mwezi. Likizo hiyo hailipiwi ada, wala haiombwi na mchumba aliyeko Mtwara. Anaiomba mwenyewe kwa mkubwa wake. Akiumia anatibiwa kwa gharama ya jeshi. Chakula cha kambini hanunuliwi na mpenzi. Kuoa hakuhitaji mtu alipe kitu kwa kamanda. Mshahara unaingia benki, na anaufikia hata akiwa nje ya nchi. Barua pepe ya kazi ya jeshi inaishia na .mil, haiishii na Gmail yenye jina la cheo na tarakimu nne nyuma yake. Idara ya upelelezi ya jeshi lao, CID, kwa miaka mingi imekuwa ikieleza kwamba inapokea mamia ya malalamiko kila mwezi kutoka kwa watu waliotapeliwa na askari hewa, na majibu yake hayabadiliki: hakuna ada ya likizo, hakuna fomu ya kumkomboa askari, hakuna kamanda anayeandikia wapenzi wa watu.

Lipo na moja ambalo sijalisikia likisemwa huku kwetu. Kambi za Marekani zina maduka yake. Shirika linaloyaendesha, AAFES, lipo tangu mwaka 1895, na maduka yake yanauza soda, viatu, televisheni, na hizo kadi za zawadi pia. Kwa hiyo kapteni wa kweli, aliyeko kwenye kambi ya kweli, anamwomba mjane wa Mtwara atafute kwa jasho kitu kisichouzwa Mtwara, wakati kwake kinaning'inia dukani. Ni sawa na mvuvi wa Msimbati kumpigia simu shangazi yake Dodoma amtumie samaki.

Picha nazo ni za watu halisi. Majenerali na makanali wa Marekani wamekuta sura zao kwenye akaunti zisizohesabika, wakitongoza watu wasiowajua katika nchi wasizowahi kufika. Akaunti moja ikifungwa, jioni zinazaliwa nyingine. Ndiyo maana ushauri wa "angalia kama picha ni ya mtu wa kweli" unaweza kukuponza: picha ni ya mtu wa kweli, jina kwenye kifua cha gwanda ni la kweli, nishani ni za kweli. Asiye wa kweli ni anayeandika.

Mwaka 2019, mwezi Agosti, waendesha mashtaka wa Los Angeles walifungua hati yenye washtakiwa 80. Ndani ya karatasi hizo kulikuwa na kisa cha mwanamke wa Japani aliyekutana mtandaoni na mtu aliyejiita kapteni wa jeshi la Marekani aliyeko Syria. Walianza kwa kuandikiana kirafiki tu. Mwanamke alikuwa akizisoma barua kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Baadaye kapteni akapata mfuko wa almasi, akajeruhiwa, akatokea mtu wa kuusafirisha mfuko, halafu forodha, halafu wakala, halafu wakala wa wakala. Ndani ya miezi kumi alikuwa ametuma pesa mara 35 hadi 40, zaidi ya dola 200,000. Nilipomsimulia mama, alinyamaza, kisha akauliza swali moja tu: "Na huyo wa Japani alikuwa amesoma?" Nikamwambia sijui kiwango chake cha elimu, ila Japani shule zipo. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

Sasa kadi yenyewe. Kwa wenzetu kadi ya zawadi ni kitu cha kawaida kabisa: Apple, Google Play, Amazon, Steam, zinatundikwa madukani karibu na keshia, unamnunulia mpwa wako siku yake ya kuzaliwa. Sisi hatukuzizoea, lakini tunazielewa kuliko tunavyodhani, kwa sababu tumekua na vocha ya kukwangua. Unakumbuka? Unakwangua kwa sarafu, tarakimu zinatokea. Ukimsomea ndugu yako wa Newala tarakimu hizo kwenye simu, vocha imeshahamia Newala. Karatasi uliyobaki nayo mkononi ni takataka. Kadi ya zawadi ni hiyohiyo, imevaa rangi nzuri na thamani ya dola. Ndiyo maana tapeli hakwambii umpelekee kadi. Anakwambia uikwangue, uipige picha ya nyuma, umtumie. Akishaiona namba, imekwisha.

Mtu atauliza, jitu zima linaloiba linafanya nini na kadi ya gemu? Hachezi. Anaiuza namba mtandaoni kwa bei ya chini ya thamani yake, na mnunuzi anajua kwa nini ni rahisi lakini haulizi. Watu wa kusini hatuhitaji profesa atueleze soko hilo, tunalo jina lake: kangomba. Mkulima akibanwa kabla ya mnada anauza korosho kwa bakuli badala ya mizani, nje ya AMCOS, yaani chama cha ushirika, na nje ya stakabadhi ghalani, kwa bei ya kutupa, anaondoka na machozi. Tofauti ni kwamba kwenye kangomba ya kadi muuzaji haumii. Hakupalilia, hakupulizia salfa, hakuamka alfajiri kuokota. Kadi ya dola mia akiiuza dola sitini, zote sitini ni faida.

Na kwa nini asiombe pesa kwenye simu moja kwa moja? Kwa sababu laini ya simu Tanzania ina mwenyewe. Imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, muamala una saa na namba, na mtandao unaweza kuuzuia ukiwahiwa. Benki ndiyo kabisa. Kadi haina jina la mpokeaji. Haiulizi kitambulisho. Ni pesa isiyo na uso, na kwa mtu ambaye naye uso wake ni wa kuazima, wanaendana.

Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilichambua malalamiko ya utapeli wa mapenzi ya mwaka 2022. Watu karibu 70,000 waliripoti, na hasara yao ikafika dola bilioni 1.3. Uongo wa "niko jeshini, niko mbali" ulijitokeza katika asilimia 18 ya visa walivyovipitia. Kilichonivutia zaidi ni kingine: kadi za zawadi ndizo zilizotajwa mara nyingi zaidi kama njia ya kulipa, lakini sehemu kubwa ya pesa zilizopotea ilipitia sarafu za kidijitali na uhamisho wa benki. Maana yake, kama ninavyoisoma mimi, ni kwamba kadi ni chambo cha kupimia. Dola hamsini leo, mia wiki ijayo. Tapeli hapimi mfuko wako tu. Anapima kama ukiambiwa fanya kitu usichokielewa, kwa haraka, kwa siri, utafanya. Ukishakubali mara moja kuzunguka mji ukitafuta kitu cha ajabu bila kumwambia mtu sababu, yeye ameshajua anachotaka kujua, na kadi aliyoipata ni nyongeza.

Ndiyo maana huku kwetu, ambako kadi ni adimu, mchezo haufi, unabadilisha shati. Kapteni akiona kadi inasumbua, anakutumia "mzigo". Saa, simu, mikufu, na ndani yake dola zilizofungwa kwenye karatasi za fedha. Siku mbili baadaye mtu wa "forodha" anapiga simu, mzigo umekwama uwanja wa ndege Dar es Salaam, lipa laki nane kwenye namba hii. Hapo hata usihangaike na mambo ya Marekani. Ushuru na kodi za serikali yetu zinalipwa kwa kontroli namba. Hakuna ofisa wa forodha anayepokea ushuru kwenye laini yake ya simu, na akitokea anayepokea, huyo ni habari nyingine ya kupeleka TAKUKURU.

Nimejiuliza kwa nini kisa hiki kinapata mizizi Mtwara na Lindi, ambako watu wanajulikana kwa kuwa wagumu kutoa siri na wagumu zaidi kutoa pesa. Jibu langu ni kwamba hapa askari na mgeni si hadithi. Nachingwea palikuwa na kambi ya FRELIMO wakati wa ukombozi wa Msumbiji. Wapo wazee wanaokumbuka vijana wale wakipita. Naliendele yako makaburi ya mashujaa wetu. Novemba 2018 serikali iliposema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, waliokuja kuibeba walikuwa wanajeshi, na tuliwaona kwa macho yetu wakihesabu magunia. Ng'ambo ya Ruvuma, tangu Oktoba 2017, Cabo Delgado haijatulia. Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu walivuka mto wakikimbilia kwetu, na baadaye majeshi ya nchi mbalimbali yakaenda kule. Mtu akikwambia yuko "kikosi cha kimataifa, kaskazini mwa Msumbiji", hakwambii kitu cha mbali. Anakwambia kitu ambacho redio imekisema.

Na wageni? Kuanzia mwaka 2010, visima vya gesi ya bahari kuu vilipoanza kuleta majibu, mji huu ulijaa Wazungu wa mitambo. Kodi za nyumba Shangani zilipanda. Wapo dada zetu walioolewa kweli, kwa ndoa halali, na wahandisi wa kweli, na leo wanaishi Ulaya. Kila mtaa una mmoja wa kutolea mfano. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Mtwara "Mzungu hawezi kukupenda wewe", kwanza ni tusi, pili si kweli, na tatu umempa tapeli pointi tatu za bure. Pacha wa kapteni, yule "injinia wa mtambo wa mafuta baharini", anaingia kwa mlango huohuo.

Hii ndiyo sababu elimu tunayotoa haifanyi kazi. Tunakejeli. Mwenye kulizwa anasikia kicheko kabla hajafungua mdomo. Mama wa benchini hakuwa amemwambia mtu, hata binti yake aliyeko Masasi, mwenye simu nzuri na akili ya mtandao, ambaye angeliona jambo hili kwa dakika mbili. Nilimwuliza kwa nini. "Atasema mama umekuwa mtoto." Kapteni alikuwa ameshamwonya mapema kwamba watu watawaonea wivu, asimwambie yeyote. Hakuhitaji kumwonya. Sisi tulikwishamfanyia kazi hiyo, kwa miaka, kwa kila kisa tulichokisimulia barazani huku tukishika mbavu.

Ipo na aina ya nyumbani, isiyo na Kiingereza wala Syria. "Afisa wa JWTZ" mwenye picha ya gwanda, anaahidi nafasi ya JKT au ajira ya jeshi kwa kijana wako, ada ya fomu kidogo tu. Jeshi limesema mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Lakini mzazi wa Tandahimba akishauza korosho na ana kijana wa kidato cha nne amekaa nyumbani, gwanda kwenye picha linampa matumaini ambayo tangazo la redio haliwezi kuyafuta. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha nguo zinazofanana na sare zake, na watu wakazivua. Nililiunga mkono. Ila niliwaza wakati ule, na ninawaza leo, kwamba gwanda hatari zaidi haliko mgongoni mwa bodaboda. Liko kwenye picha ya wasifu ya mtu ambaye hatumwoni, na hilo hakuna kituo cha polisi cha kulisalimishia.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na ulaghai wa mtandaoni unaangukia humohumo. Tatizo ni kwamba mtuhumiwa anaweza kuwa amekaa nchi nyingine, na aliyeko hapa ni yule wa kupokea pesa tu, ambaye mara nyingine naye ni mtu aliyetapeliwa. Hili lisemwe kwa sauti: kapteni akikuomba "upokee pesa za rafiki yangu kwenye laini yako, kisha uzitume mbele", amekufanya daraja la wizi, na jina litakaloonekana kwenye kumbukumbu za mtandao ni lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe.

Kuhusu kumtambua, nimeshasema sehemu kubwa, ila jambo la simu ya video linahitaji neno. Zamani ilikuwa dawa. Sasa kuna programu za kubadilisha sura, na kuna wanaocheza kipande cha video kilichorekodiwa, giza-giza, sekunde kumi, kisha "mtandao mbaya". Mwombe ageuze uso wote upande, apitishe mkono mbele ya pua, aseme jina la mtaa wako. Kisha pitisha picha zake kwenye Google Lens uone zimetokea wapi tena. Akikataa yote haya kwa hasira, hasira yenyewe ni jibu. Na akikwambia yuko Kabul, mkumbushe kwamba jeshi la nchi yake liliondoka Afghanistan Agosti 2021. Akisema yuko na kikosi cha SADC Cabo Delgado, kikosi hicho kiliondoka 2024.

Aliyekwisha tuma asikae akilia tu. Kama ni pesa ya simu, piga 100 huduma kwa wateja saa hiyohiyo, uombe muamala uzuiwe. Kama ni kadi, wasiliana na kampuni iliyoitoa, ukiwa na kadi na risiti mkononi, maana ikiwa salio halijatumika wanaweza kulifunga. Namba ya tapeli ya hapa nchini ipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ujumbe kwenda 15040. Nenda polisi uchukue RB, na meseji usizifute hata kama zinakuchoma, ndizo ushahidi. Aliyetuma picha za faragha na sasa anatishiwa, asilipe: anayelipa mara moja huombwa mara ya pili. Halafu kaa chonjo, kwa sababu wiki chache baadaye atakuja "mpelelezi wa FBI" au "mwanasheria wa kurejesha fedha", mwenye habari zako zote, anayetaka ada kidogo ili akurudishie. Ni yuleyule, au ni mtu aliyeuziwa jina lako.

Wenye maduka ya simu na mawakala, nanyi mna nafasi kuliko mnavyodhani. Kijana wa Soko Kuu aliuliza swali moja la adabu, "nyumbani kuna mtoto anacheza gemu?", na swali hilo lilifanya kazi kuliko mabango. Hakusema "umetapeliwa". Aliuliza kitu hicho ni cha nini, na mwenye kujibu akajisikia mwenyewe akijibu.

Pale benchini sikumwambia mama amwache mtu wake. Ningekuwa nani? Nilimwomba amwulize jambo moja: kwa nini asinunue kadi kwenye duka la kambini kwake. Akaandika palepale, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Jibu lilikuja kabla kahawa haijapoa, aya tatu: amevunjika moyo, alidhani yeye ni tofauti na wanawake wengine, vita vinamchosha, na sasa anaona hapendwi. Kuhusu duka, hakuna neno. Mama akaisoma mara mbili. Akaniambia, "Hajajibu."

Siku nne baadaye alinipigia. Kapteni alikuwa amemsamehe, na kwa kuwa kadi imekuwa shida, amempa namba ya "msaidizi wake" Dar es Salaam, atume laki mbili na nusu. Mama aliiingiza namba, akaandika kiasi, na simu ikamletea jina la mwenye laini kabla ya kuomba namba ya siri, kama inavyofanya siku zote. Majina matatu, la kike, la kwetu kabisa, wala si la Dar. Akaniambia ni jina la watu wa huku huku kusini, ukoo anaoujua.

"Ukatuma?"

"Nilighairi. Lakini sijamblock. Nataka kwanza nimjue huyu msichana ni mtoto wa nani."